Mwaloni Unaumwa? Anza Kuutazama Kutoka Chini

Anayeniletea tatizo la mwaloni karibu kila mara huja na jani mkononi. Jani lina doa, au limejikunja, au limegeuka kahawia pembeni, naye anataka kujua apulizie dawa gani. Swali langu la kwanza huwa jingine kabisa: shina la huo mti linaingiaje ardhini? Pale chini limetanuka kama mguu wa tembo, au limezama wima kama nguzo ya umeme? Na katika miaka kumi iliyopita, kuna aliyechimba mtaro, kumwaga kifusi, kujenga ukuta au kuegesha magari chini yake?

Nauliza hivyo kwa sababu mwaloni ni mti wa subira. Una akiba kubwa ya chakula kwenye shina na mizizi, na ukiumia unaila akiba hiyo kimyakimya. Mizizi iliyokatwa leo huenda majani yasiitangaze mpaka ipite miaka mitatu, mitano, hata kumi. Kufikia hapo mwenye mti ameshausahau ule mtaro wa bomba, na lawama zote zinamwangukia mdudu aliyeingia juzi. Mdudu yupo kweli, ila amekuja kumalizia kazi iliyoanzwa na sururu.

Nimepanga mambo kwa dalili, kama unavyoziona ukisimama mbele ya mti. Nitakaa zaidi kwenye zile zinazoua. Nyingine nitazipita haraka, maana mwaloni hukaribisha wageni wengi ambao hawana neno.

Kwanza, ni mwaloni wa kundi gani?

Duniani kuna aina zaidi ya 400 za mialoni, zote za jenasi ya Quercus. Kwa mtunzaji, mgawanyo wa kujua kabla ya yote ni kati ya mialoni myeupe na mialoni myekundu. Usiangalie rangi ya gome, itakupoteza. Shika jani. Mwaloni mweupe, kama Quercus alba wa Marekani au Quercus robur wa Ulaya, jani lake lina mikato yenye kingo za mviringo. Mwaloni mwekundu, kama Quercus rubra au Quercus palustris, kila pembe ya jani inaishia kwenye ncha kali yenye unywele. Mweupe huivisha mbegu zake msimu uleule. Mwekundu huchukua misimu miwili, ndiyo maana kwenye vitawi vyake utakuta mbegu changa na kubwa kwa wakati mmoja.

Mgawanyo huu una uzito mkubwa mti ukiugua. Mbao za mwaloni mweupe zina mirija iliyozibwa kwa ndani, na ndiyo sababu mapipa ya divai hutengenezwa kwa mwaloni mweupe na wala si mwekundu: haivuji. Mti unaojua kuziba mirija yake una nafasi nzuri zaidi ya kumfungia adui njia. Mwekundu hauna wepesi huo, na adui akiingia kwenye maji yake husafiri mpaka kileleni bila kizuizi.

Shina limezama kama nguzo

Mti uliopandwa vizuri huonyesha mahali shina linapopanuka na kugawanyika kuwa mizizi. Usipoona mtanuko huo, kuna udongo au matandazo yaliyorundikwa pasipostahili, au mti ulipandwa kwa kina kupita kiasi tangu mwanzo. Gome la shina halikuumbwa kukaa ndani ya unyevu. Likifunikwa linalainika, kuvu zinaingia, na mizizi midogo inayotafuta hewa huanza kuzunguka shina badala ya kwenda mbali nalo.

Nakumbuka mwaloni mmoja uliokuwa umelishwa mbolea miaka minne mfululizo kwa sababu majani yake yalikuwa madogo na upande mmoja ulikuwa unapukutisha mapema. Nilipiga magoti nikaanza kufukua kwa vidole, kisha kwa mwiko mdogo wa bustani. Nilishuka kama sentimita 20 ndipo nikafika kwenye mtanuko. Na pale, ukiwa umelala juu ya shina kama mkanda, kulikuwa na mzizi mnene kama kifundo cha mkono wangu. Ulikuwa umeuma ndani ya gome, na juu yake shina lilikuwa limevimba mdomo. Upande uleule uliobanwa ndio uliokuwa unapukutisha. Mbolea yote ile ilikuwa inamwagwa kwa mti uliokabwa koo.

Tiba yake ni patasi na nyundo, au msumeno mdogo. Unaukata mzizi unaokaba pande zote mbili; sehemu iliyozama ndani ya gome usiing'oe kwa nguvu, iache ioze yenyewe. Mizizi ya namna hiyo ikiwa mingi au minene sana, igawanye kazi katika misimu miwili au mitatu ili mti usipoteze maji kwa mkupuo. Kisha ondoa udongo uliozidi hadi mtanuko uonekane, na usiurudishe.

Matandazo ni mazuri, na mimi huyapenda kuliko mbolea yoyote ya dukani. Tandaza vipande vya mbao au majani makavu ya mti wenyewe, unene wa sentimita 5 hadi 10, kuanzia kiganja kimoja kutoka kwenye shina na kwenda nje kadiri nafasi inavyoruhusu. Yasiguse gome. Kichuguu cha matandazo kilichoegemea shina kinaleta madhara yaleyale ya udongo uliorundikwa.

Kilele kinakauka, matawi ya chini bado mabichi

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote, na karibu kila mara chanzo kiko ardhini. Mizizi inayofyonza maji na chakula haiko chini sana kama watu wanavyodhani. Mingi imo kwenye tabaka la juu, sentimita 30 hadi 50 za kwanza, na inaenda mbali kupita mwisho wa kivuli, mara mbili hata tatu ya urefu wa matawi. Gari likipita hapo udongo ukiwa umelowa, unashindiliwa, hewa inatoka, na mizizi inakufa kwa kukosa pumzi. Ukimwaga kifusi cha sentimita 15 juu yake ni hivyohivyo. Mti ukipungukiwa na mizizi, unaacha kwanza kupeleka maji kule mbali zaidi, yaani kileleni.

Pima mwenyewe. Chukua bisibisi ndefu au nondo nyembamba uichome ardhini siku moja baada ya mvua. Ikiingia kwa urahisi hadi kina cha kiganja na nusu, udongo unapumua. Ikigoma baada ya vidole viwili, umeshapata jibu la nusu ya tatizo.

Sasa mtafute mmalizaji. Kwenye gome la matawi yaliyokufa na la shina la juu, tafuta vitundu vidogo vya upana wa milimita 3 hivi, vyenye umbo la herufi D. Hao ni mbawakawa wa jenasi ya Agrilus. Marekani Kaskazini anayejulikana sana ni Agrilus bilineatus; Ulaya yupo Agrilus biguttatus. Funza wao hula chini ya gome kwa njia za kujipindapinda na kuukata mkondo wa chakula. Mwaloni wenye nguvu huwashinda, lakini uliodhoofishwa na ukame, mafuriko, viwavi au mashine za ujenzi huwavutia. Matawi yenye vitundu yaondoe majira ya baridi, kabla kizazi kipya hakijatoka. Kupulizia dawa bila kurekebisha udongo ni kupoteza pesa.

Kurekebisha udongo kunachosha kwa sababu hakuonekani. Zuia magari na miguu isipite. Ondoa nyasi za bustani chini ya mti na kuweka matandazo, kwa kuwa nyasi hunywa maji yote ya juu. Wakati wa ukame mwagilia polepole hadi unyevu ufike sentimita 25 au 30, kisha acha udongo ukauke kidogo kabla ya kurudia. Mara mbili au tatu kwa mwezi kwa kina ni bora kuliko kunyunyiza kila jioni. Usiweke mbolea nyingi ya nitrojeni. Mti dhaifu ukilazimishwa kutoa majani mengi unatumia akiba ambayo ungeitumia kujiponya.

Kuna hali moja ambayo maji yenyewe ndiyo muuaji. Mialoni ya asili ya California, kama Quercus agrifolia na Quercus lobata, imezoea kiangazi kikavu kabisa. Mtu hununua nyumba, anatandika nyasi chini ya mwaloni wa miaka 200 na kufunga mabomba ya kunyunyizia. Joto na unyevu vikikutana kwenye mizizi, vimelea vya Phytophthora na kuvu za kuozesha mizizi hupata sherehe. Huko usimwagilie kiangazi ndani ya mita 3 kutoka kwenye shina, na usipande chini yake kitu chochote kinachodai maji.

Mwaloni mzee sana una habari yake. Ukiona pembe chache kavu zimesimama juu kama za kulungu, na chini yake mwavuli mpya wa majani mazito yenye rangi nzuri, mti huo umejipunguza wenyewe. Umeamua kuishi kwa kimo kifupi zaidi, na unaweza kuendelea hivyo karne nyingine. Ikiwa hakuna njia wala nyumba chini ya hizo pembe kavu, ziache. Ndege na wadudu wengi hawana makao mengine.

Majani manjano, mishipa kijani

Jani linageuka manjano kati ya mishipa, mishipa yenyewe inabaki kijani, na majani machanga ya ncha ndiyo yanayoanza. Huo ni upungufu wa chuma, na mwathirika mkubwa ni Quercus palustris. Mara nyingi chuma kimo kwenye udongo tele. Kinachokosekana ni uchachu. Udongo wenye pH (kipimo cha uchachu) inayozidi 7, yaani usio na uchachu, hukifungia chuma mahali ambapo mizizi haiwezi kukichukua. Chunguza kama kuna kokoto za chokaa, mabaki ya saruji yaliyofukiwa wakati wa ujenzi, au maji magumu ya kumwagilia yanayoacha weupe kwenye bomba.

Pima pH kabla ya kununua chochote. Unga wa salfa huongeza uchachu, ila huchukua miezi na miaka, na kwenye udongo wenye chokaa nyingi chokaa hushinda. Chuma cha kuweka kwenye udongo kiwe cha aina iitwayo EDDHA, kwa sababu aina nyingine za bei nafuu huachia chuma chake na kufungwa tena pH ikiwa juu. Kudunga chuma kwenye shina hurudisha rangi haraka, wakati mwingine kwa miaka miwili au mitatu, lakini kila tundu ni kidonda na huwezi kuyatoboa maisha yote. Ikiwa mti bado mdogo na udongo ni wa chokaa, maoni yangu ni kupanda aina inayovumilia chokaa, kama Quercus macrocarpa, kuliko kupigana vita vya miaka 80.

Majani yote yakiwa manjano kwa usawa pamoja na mishipa, na ya chini ndiyo yanaanza, fikiria maji yaliyotuama au upungufu wa nitrojeni. Chimba kishimo chini ya matawi; udongo ukinuka kama yai bovu, maji hayana pa kwenda.

Majani yanakauka ghafla katikati ya kiangazi

Hapa ndipo ninapoomba usichelewe. Kama mwaloni wako ni mwekundu, na mwezi uliopita ulikuwa mzima, na sasa majani ya kileleni yanageuka rangi ya shaba kuanzia ncha na kingo kuelekea kwenye kikonyo, huku mengine yakianguka yakiwa nusu bado kijani, shuku mnyauko wa mwaloni. Kuvu yake inaitwa Bretziella fagacearum. Ilitambuliwa Wisconsin miaka ya 1940, ikaenea majimbo mengi ya mashariki na katikati ya Marekani pamoja na Texas, na mwaka 2023 ikathibitishwa Ontario, Kanada. Kama uko nje ya maeneo hayo, sababu nyingine ina uwezekano mkubwa zaidi.

Kuvu hii hukaa ndani ya mirija ya maji. Mti ukijaribu kujitetea unaziba mirija hiyo, na kwa kuwa mwekundu huchelewa, huishia kuziba ovyo na kujinyima maji wenyewe. Mwekundu hufa ndani ya wiki chache. Mweupe unaweza kupoteza tawi moja mwaka huu na jingine mwaka ujao, na wakati mwingine hupona. Ile mialoni ya Texas yenye majani mwaka mzima iko katikati: mishipa ya jani hugeuka manjano kisha kahawia huku sehemu iliyobaki ikiwa kijani, sura ambayo ukishaiona mara moja huisahau.

Usiuthibitishe kwa macho peke yake. Kata tawi linalougua ila bado lina uhai, bandua gome, utafute michirizi myeusi kwenye mbao ya nje. Kisha chukua vipande kadhaa vyenye unene wa kidole gumba, viweke mahali pa baridi, uvipeleke maabara ya magonjwa ya mimea siku hiyohiyo au kesho yake. Tawi lililokauka kabisa halifai, kuvu yenyewe huwa imeshakufa humo.

Ugonjwa una milango miwili. Wa kwanza ni mizizi: mialoni ya aina moja iliyo jirani huunganisha mizizi yake chini ya ardhi, na maji ya mmoja yanapita kwa mwingine, pamoja na kuvu. Ndiyo maana miti hufa kwa duara linalopanuka. Wa pili ni mbawakawa wadogo wanaopenda utomvu. Mwekundu uliokufa hutengeneza chini ya gome utando wa kuvu unaonuka kama matunda yaliyochacha. Utando unalisukuma gome mpaka linapasuka, mbawakawa wanaingia, wanatoka wakiwa wamebeba vijimbegu vya kuvu mgongoni, na kwenda moja kwa moja kwenye kidonda kibichi cha mwaloni mwingine. Kidonda hicho mara nyingi ni cha msumeno wako.

Kwa hiyo usipogoe mwaloni wakati mbawakawa hao wanaruka. Minnesota na Wisconsin ushauri ni kuepuka kuanzia Aprili hadi Julai. Texas, kuanzia Februari hadi Juni. Dhoruba ikivunja tawi katika miezi hiyo, paka rangi kidonda papo hapo, rangi yoyote ya kawaida. Dakika 15 ni nyingi.

Mti ukithibitishwa, mpangilio wa hatua ndio kila kitu, na hapa nimeona watu wakipoteza shamba zima la miti kwa haraka njema. Usikimbilie kuuangusha. Kwanza kata mizizi kati ya mgonjwa na wazima kwa mashine ya mitaro, kina cha mita 1.5 hivi, na mtaro upite nje ya miti ambayo huenda imeshaambukizwa japo bado inaonekana mizima. Ukiuangusha mgonjwa kabla ya hapo, mizizi ya majirani itavuta kilichobaki ndani ya kisiki chake. Baada ya mtaro ndipo uangushe. Magogo ya mwekundu yabandue gome, yasage, au yafunike kwa plastiki iliyofukiwa kingo zote hadi mwaka upite. Kuni hizo usizisafirishe. Kiuakuvu cha propikonazoli hudungwa kwenye shina na mtaalamu ili kukinga mti mzima wa jirani, na kwa mweupe kinaweza pia kutibu. Kwa mwekundu ulioanza kunyauka sitakupa matumaini.

Vitu vitatu hufananishwa na mnyauko. Chule, ugonjwa wa kuvu wa majani, huja baada ya majira ya kuchipua yenye baridi na mvua. Mabaka ya kahawia hufuata mishipa, na matawi ya chini yenye kivuli huathirika zaidi ya kilele. Mti huchipua upya, na dawa haihitajiki. Ukame huunguza kingo za majani kila upande wa mti, na majani hubaki juu. Bakteria wa Xylella fastidiosa huunguza kingo pia, mara nyingi kukiwa na ukanda wa manjano kati ya kahawia na kijani, lakini hujitokeza mwishoni mwa kiangazi na kurudi kila mwaka kwenye matawi zaidi. Huo hauna tiba. Unapunguza makali yake kwa maji na matandazo, na unaanza kupanda mrithi.

Unga mweupe, vinundu na mapambo mengine

Unga mweupe juu ya majani machanga ni ugonjwa wa kuvu uitwao ubwiri unga. Ulaya ulilipuka mwaka 1907 na haujaondoka. Miche na machipukizi ya kiangazi yanaweza kudumaa. Mti mkubwa haujali. Vinundu vya duara kwenye majani, vitawi na mbegu ni nyumba za nyigu wadogo wasiouma watu. Kwa karne nyingi vinundu hivyo vilichemshwa na chumvi ya chuma kutengeneza wino wa kuandikia. Viache. Kuvumwani za kijivu kwenye gome pia hazidhuru kitu.

Mwaka mmoja mti unamwaga mbegu kama mvua, unaofuata hakuna hata moja: hiyo ni desturi ya mialoni. Majani yaliyojikunja kama kikombe na kusokoteka baada ya mtu kupulizia dawa ya magugu kwenye nyasi jirani, hiyo ni sumu iliyopeperushwa. Soma kibandiko cha dawa. Nyingi za kuua magugu ya majani mapana hazichagui, na mwaloni nao una majani mapana.

Shina linatoa maji meusi

Nusa kwanza. Maji ya kahawia yenye harufu ya uchachu, yanayotoka kwenye panda ya matawi au kidonda cha zamani, kwa kawaida ni bakteria walio ndani ya mbao. Yanaacha mchirizi mbaya lakini mti huishi nayo miaka mingi. Zamani watu walitoboa shina na kuchomeka bomba ili yatoke. Usifanye hivyo, tundu linafungulia uozo mlango.

Mabaka mengi madogo yanayovuja kioevu cheusi kupitia nyufa za gome, juu na chini ya shina, kwenye mialoni ya Uingereza, ni dalili za mdororo mkali ambamo bakteria, hasa Brenneria goodwinii, hushirikiana na yule Agrilus biguttatus. Baadhi ya miti hufa kwa miaka michache, mingine hufunga vidonda. Pwani ya California na Oregon, donda linalotoa utomvu mwekundu hadi mweusi kwenye gome zima lisilo na ufa linaweza kuwa la kimelea Phytophthora ramorum, kilichoanza kuonekana California katikati ya miaka ya 1990. Vijidudu vyake huzaliana kwenye majani ya mti wa California uitwao bay laurel, hivyo kuondoa miti hiyo karibu na mwaloni unaoupenda ni kinga halisi. Kote kuwili, toa taarifa kwa mamlaka ya misitu, na osha udongo kwenye viatu na zana kabla ya kwenda kwenye mti mwingine.

Uyoga umeota chini

Hapa sitanii na maisha ya watu. Uyoga wa rangi ya asali ulioota kwa vishada kwenye shina wakati wa majani kupukutika huenda ni Armillaria. Bandua kipande kidogo cha gome lililolegea usawa wa ardhi: ukikuta utando mweupe kama shuka iliyolowa, umetandazwa kwa umbo la kipepeo cha mkono, na kwenye udongo nyuzi nyeusi kama kamba za viatu, umeshamjua. Anakula mizizi hai, na mti unaweza kuanguka ukiwa na majani ya kijani.

Uyoga mgumu kama rafu wa Ganoderma, au ule mwekundu kama ini wa Fistulina hepatica, huozesha moyo wa mbao. Mwaloni mzee wenye uwazi ndani unaweza kusimama karne nyingi, kwa sababu bomba lina nguvu ya ajabu. Kinachoamua ni unene wa mbao nzima iliyobaki na hali ya mizizi. Gonga shina kwa nyundo ya mbao na usikilize, lakini uamuzi mwachie mkaguzi wa miti mwenye vifaa vya kupimia. Mti ukianza kuinama, udongo ukainuka upande mmoja, au ufa mpya ukatokea kwenye shina, waondoe watu chini yake leo.

Viwavi wamekula majani yote

Mwaloni mzima huchipua tena baada ya kuliwa mara moja. Ukiliwa miaka miwili au mitatu mfululizo na ukame ukaongezeka, ndipo hufa. Nondo Lymantria dispar, aliyeingizwa Massachusetts mwishoni mwa miaka ya 1860, hutaga mayai kwenye kitu kama sponji ya rangi ya ngano iliyobandikwa kwenye gome. Yakwangue majira ya baridi uyatie kwenye maji ya sabuni.

Ukiona Ulaya viwavi wanaotembea kwa foleni, pua kwa mkia, na kiota cha hariri nyeupe kwenye shina, rudi nyuma. Huyo ni Thaumetopoea processionea. Nywele zake hupeperuka, huwasha ngozi na macho, na huweza kubana pumzi. Usiguse, usipige maji, usichome moto. Zuia watoto na mbwa, ita wenye mavazi ya kinga.

Kukata tawi bila kuacha donda

Baadhi ya magonjwa niliyoyataja huingia kwa msumeno. Pale tawi linapotoka kwenye shina pana pete iliyovimba kidogo. Mtafiti wa Marekani Alex Shigo alipasua maelfu ya miti kuonyesha kwamba pete hiyo ndiyo ukuta wa ulinzi: mti hauponyi kidonda, unakizungushia ukuta. Kata nje tu ya pete. Ukikata sambamba na shina umeubomoa ukuta. Ukiacha kisiki kirefu, kinaoza na kuwa daraja. Tawi zito likate mara tatu: kwanza chini, mbali kidogo na shina, kisha juu mpaka lianguke, mwisho usafishe karibu na pete, ili lisichane gome. Kidonda usikipake kitu, isipokuwa kwenye maeneo ya mnyauko. Na usiukate kilele mwaloni uliokomaa ili uwe mfupi. Kila ninapouona mti uliofanyiwa hivyo moyo unaniuma, kwa sababu najua miaka 15 ijayo yale matawi mapya yatavunjikia palepale penye uozo.

Mche mpya haukui

Mwaloni uliopandwa ukiwa na ukubwa wa kutosha hukaa kimya. Hesabu takriban mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene wa shina kabla haujaanza kurefuka kwa nguvu. Muda huo unatengeneza mizizi. Kazi yako ni kuupa maji, kuondoa nyasi, na kufungua kamba. Nimekuta kamba ya nailoni ya kitalu ikiwa bado imefungwa shinani miaka sita baada ya kupanda, imezama ndani ya gome kama waya. Nguzo za kuushikilia nazo ziondoe baada ya mwaka, shina likizoea upepo.

Majira ya baridi mti mchanga unaweza kubaki na majani yote ya kahawia, makavu, yakipiga kelele kwenye upepo, huku miti mingine imepukutisha. Watu wameng'oa mialoni mizima kwa kuyaona majani hayo. Kwaruza kitawi kwa ukucha. Chini ya ganda kukiwa na kijani chenye unyevu, mti uko hai, na majani ya zamani yataanguka yenyewe machipukizi yatakapoyasukuma.